Omu Nne za Ziada

4 Mei 1985

Mwanangu Sisimizi,

Sijui barua hii itakukuta saa ngapi, lakini naomba ikukute una vidole vyote kumi, maana tangu uchague kazi hiyo ya umeme kila nikikutana na mtu namtazama mikono kwanza. Huku hatujambo. Paka amezaa tena, safari hii nyuma ya gunia la pumba, na ananitazama kama mimi ndiye niliyemletea balaa. Jirani wa mbele amepaka nyumba rangi ya kijani na anamsimamisha kila apitaye kumuuliza kama imependeza. Sisi tusioweza kudanganya tumeanza kupita njia ya nyuma.

Baba yako naye hajambo, isipokuwa mgongo. Tangu Februari anakaa kwangu kwa sababu ngazi za kule kwake zimemshinda. Nimempa kile chumba cha kuongeza, kinachopakana na chumba cha mashine. Najua ukifika kwenye mistari hii macho yako yanaruka kama mbuzi anayevuka mfereji. Ruka tu. Yeye ni kaka yangu na wewe ni mwanangu, na sijasikia kwamba kati yenu kuna aliyekufa.

Sasa nikueleze kilichonifanya nichukue karatasi. Mashine yangu ya kutotolea vifaranga imegoma kupata joto. Inatakiwa ifike nyuzi thelathini na saba na nusu, yenyewe inapanda hadi thelathini na tano halafu inakaa hapo kama mgeni aliyekaribishwa kiti. Tangu niihamishe kutoka jikoni kwenda chumba cha nyuma haijawahi kunifurahisha. Mara ya mwisho niliweka mayai mia tatu, wakatoka vifaranga arobaini, na hao arobaini wenyewe ungewaonea huruma. Akina mama wa chama cha wafugaji wataniletea mayai yao mia tano mwishoni mwa Juni. Mama mwenyekiti kaniambia waziwazi, tena kwa upole, kwamba nikiwaangusha tena watakwenda kwingine. Nitabaki na kabati la kuwekea nguo.

Nyuma ya mashine pana kibati kimeandikwa volti 240, wati 960. Fundi redio wa sokoni ameitazama, akasema yeye ni wa redio. Wewe ndiye wa umeme. Kuuliza si ujinga, basi nauliza.

Shangazi yako anayekupenda.


15 Mei 1985

Shangazi, shikamoo.

Vidole ni kumi, nimevihesabu kabla ya kushika kalamu. Barua yako nimeisoma kwenye benchi la karakana nikiwa na chai, na Mzee wa karakana akaniuliza kwa nini nacheka peke yangu. Nikamweleza habari za nyumba ya kijani. Yeye hacheki, lakini alitingisha kichwa mara mbili, na kwake hicho ni kicheko. Kazi inaendelea vizuri. Wiki hii nimesuka upya mota mbili za pampu na moja ya mashine ya kusaga, na hakuna iliyorudishwa. Chumba nilichopanga ni kile kile, na mpangaji wa ukuta wa pili bado anaimba anapofua.

Nisalimie paka na wanawe, jirani wa kijani, fundi redio, mama mwenyekiti na chama chake chote. Salamu zimeishia hapo.

Kuhusu mashine, usiogope hesabu, ni ndogo. Volti ni msukumo wa umeme. Ampea ni wingi wa mkondo unaopita. Omu ni ukinzani, yaani ugumu wa njia. Wati ni nguvu, na kwako wewe nguvu ndiyo joto. Ukijua viwili, vingine havina pa kujificha.

Kibati kinatuambia mashine ilivyokuwa ilipokuwa mpya. Wati ni volti mara ampea, kwa hiyo gawanya 960 kwa 240 unapata ampea 4. Ukinzani ni volti gawanya kwa ampea, kwa hiyo 240 kwa 4 ni omu 60. Hiyo ndiyo koili, ule waya uliosokotwa ndani ya mashine unaotoa joto, ikiwa na afya yake. Sasa nataka kujua ya leo. Azima mita kwa fundi redio, kisha niletee namba mbili tu, volti na ampea. Kwa kupima ampea aje na ile mita yenye taya inayouma waya mmoja kwa nje, ili msikate chochote. Nikipata hizo mbili nitajua koili yako inaumwa nini.

Mimi, Sisimizi.


27 Mei 1985

Sisimizi mwanangu,

Marahaba. Mota tatu kwa wiki moja na hakuna iliyorudishwa, nimewatangazia wote waliotaka kusikia na wawili ambao hawakutaka. Paka amehamisha wanawe kitandani kwangu. Jirani wa kijani kagundua njia yetu ya nyuma. Mama mwenyekiti anakusalimu, anasema akikuona atakutafutia mchumba. Nimemwambia atafute anayejua kugawanya.

Baba yako mgongo umepata nafuu. Amegundua kwamba ukuta wa chumba chake, ule wa upande wa mashine, una joto zuri hasa jioni. Amesogeza kitanda hadi ukutani, anaegemea pale anasikiliza redio, na asubuhi anaamka bila kulalamika. Nasema tu ili nisiwe mchoyo wa habari.

Namba zako hizi hapa. Tulifanya kila kitu kwa utaratibu. Tulizima mashine kwanza, tukaichomoa, maana mimi siwezi kuona mtu anaingiza vyuma kwenye soketi huku kitu kinanguruma. Tukapima soketi: volti 240 kamili, mshale haukutikisika. Halafu tukawasha mashine, tukauma waya kwa ile taya uliyosema. Mshale ukasimama kati ya tatu na nusu na nne, katikati kabisa, si huku wala huku. Tulipima mara tatu kwa kuwa kuna watu hawaridhiki na mara moja.

Haya, tuhesabie.

Shangazi yako.


10 Juni 1985

Shangazi, shikamoo.

Mwambie mama mwenyekiti mchumba asubiri, nina koili mkononi. Aliyewashikia mita ana mkono mtulivu. Wengi hapa karakanani wangeniandikia "karibu nne" na wangeenda zao. Mwambie fundi redio nimemsifu.

Hesabu ni hii. Katikati ya tatu na nusu na nne ni ampea 3.75. Gawanya 240 kwa 3.75, unapata omu 64. Ilikuwa 60, sasa ni 64. Omu nne za ziada zimeingia. Waya wa koili ukiwaka miaka mingi hukonda, na njia nyembamba hupitisha kidogo. Wati zimeshuka hadi 900. Nilishangaa kidogo kwamba wati sitini tu zikupunguzie joto lote hilo, ila baridi ya huko naijua, haina adabu.

Kwa hiyo nimekusukia koili mpya, na nimeifanya kali kuliko ya kwanza. Nimeipima mwenyewe hapa mezani: omu 44. Kwa volti 240 itavuta karibu ampea tano na nusu na itatoa zaidi ya wati 1300. Themostati itaikata joto likitosha, usihofu kuchemsha mayai. Nimempa kondakta wa basi la Jumatano, imefungwa kwenye kopo la maziwa. Fundi redio aifunge, halafu mniletee ampea yake.

Shangazi, neno moja, na usinune. Habari za mgongo wa mtu usihangaike kuniandikia. Siku naondoka, mbele ya wateja wake na mbele yako, aliniambia kwamba ameniwekea benchi la useremala na mimi nachagua kushika moto usioonekana, na kwamba siku moja nitaunguza nyumba ya mtu. Ni mwaka wa tatu sasa. Sijaunguza hata fyuzi ya mtu. Nilimpenda sana na ndiyo maana lile neno bado lipo. Akilala vizuri namshukuru Mungu, ila sina la kumwambia.

Sisimizi.


28 Juni 1985

Mwanangu,

Marahaba, na sijanuna. Nilinuna kidogo jioni ya kwanza, halafu nikaona nanuna peke yangu na wewe huko unakunywa chai. Mchelea mwana kulia hulia yeye, walisema, na kaka yangu hakuchelea. Matokeo yake tumelia wote watatu, kila mmoja chumbani kwake. Nimeishia hapo.

Koili ilifika salama ndani ya kopo lake. Fundi redio akaifunga, tukawasha, na Sisimizi, ungeona. Nyuzi thelathini na saba na nusu kabla sijamaliza kuosha vyombo. Themostati ikakata, ikawasha, ikakata, kama ulivyosema. Mayai mia tano ya chama yaliingia tarehe 24. Nimeyamulika leo kwa tochi, mishipa inaonekana ndani kama nyuzi nyekundu. Mama mwenyekiti alipoona alivuta kigoda, akayatazama moja moja.

Ampea ulizotaka: tano. Mshale umelalia juu ya tano yenyewe. Mita tumebaki nayo kwanza, mwenyewe hana haraka.

Nina mstari mmoja uliokatazwa, na nitauandika kwa sababu karatasi ni yangu. Baba yako anasema ukuta sasa umezidi, anatupa blanketi. Pia anasema anasikia harufu chumbani, kama ya mbao inayokatwa kwa msumeno butu, ile mbao inapoanza kuungulia kwenye meno. Nimekwenda kunusa, sijasikia kitu. Nimemwambia hizo ni kumbukumbu za karakana, mtu akistaafu pua haistaafu. Bado ananusa.

Shangazi yako mwenye furaha.


SIMU YA MAANDISHI, 8 Julai 1985

ZIMA SWICHI KUU SASA. BABA ASILALE UKUTANI. BARUA INAFUATA.


8 Julai 1985

Shangazi, shikamoo.

Simu nimeituma asubuhi hii, na karani wa posta ameniahidi itakufikia leo hii. Ikiwa kwa sababu yoyote haikufika na unasoma barua hii kwanza, iache mezani, kazime swichi kuu, ndipo urudi.

Nikueleze. Barua yako ilinifikia juzi. Niliisoma hadi kwenye ampea tano, nikafurahi, nikaikunja. Mistari ya chini niliiona ni ya nani nikairuka, kama unavyonijua. Leo asubuhi nilipokuwa namwonyesha Mzee wa karakana hesabu yangu, kwa kujisifu, akaniuliza, "Si ulisema itavuta tano na nusu?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Na imevuta tano. Nusu imekwenda wapi?" Akaendelea na kazi yake.

Gawanya 240 kwa 5, shangazi. Ni omu 48. Koili niliyokutumia ni omu 44, niliipima kwa mkono wangu. Zimezidi nne. Ya zamani ilipaswa kuwa 60, tukapata 64. Zilizidi nne. Koili mbili tofauti, moja kuukuu na moja mpya kabisa, na omu nne ni zile zile. Basi haziko kwenye koili. Ziko njiani, kati ya swichi kuu na mashine, mahali ambapo hatujapagusa. Pana kiungo kibovu cha waya, na waya wa chumba cha nyuma unapita ndani ya ule ukuta.

Hapo ndipo nilipoikunjua barua yako na kusoma mstari uliokatazwa. Kisha nikatafuta ile ya tarehe 27 Mei. Ulikuwa umeniandikia kila kitu.

Joto la kiungo kama hicho ni ampea mara ampea mara omu. Kwa koili ya zamani: 3.75 mara 3.75 mara 4, wati 56 na ushei. Ni taa ndogo iliyofukiwa ukutani, na ndiyo iliyokuwa inamkanda baba mgongo. Kwa koili yangu mpya: 5 mara 5 mara 4. Wati mia moja. Mkondo nimeuongeza mimi, na moto wa ukutani karibu nimeuzidisha mara mbili, nyuma ya kitanda chake. Ile harufu ni nguzo ya mbao iliyomo ukutani. Pua yake ilikuwa sahihi.

Kosa letu liko hivi. Mlipima volti mashine ikiwa imezimwa. Mkondo usipopita, kiungo kibovu hakionyeshi ubaya wake, ni sawa na mtu mvivu siku ya mapumziko. Ningewaambia mpime mashine ikiwaka mngeona volti zimepungua, na ningejua tangu Mei. Sikuwaambia. Hilo ni langu, si lako.

Najua mayai yana wiki mbili tumboni mwa mashine na ukizima yatapoa. Najua mama mwenyekiti alisema nini. Zima hata hivyo. Ningekuja mwenyewe, lakini lori limevunja daraja kubwa na mabasi yote yamesimama. Nijibu kwa njia yoyote.

Sisimizi.


19 Julai 1985

Shangazi, shikamoo.

Sijapata neno. Karani anasema simu ilipokelewa nyumbani kwako tarehe 8 mchana, na "imepokelewa na mwanamume". Hajui zaidi. Daraja bado. Barua za huko zinasemekana zimelala upande wa pili wa mto, na hii nampa mfanyabiashara mmoja anayevuka kwa mtumbwi.

Sina habari za huku. Nakwenda kazini, narudi. Mota niliyosuka juzi imerudishwa, nilizidisha mizunguko.

Nakuomba mstari mmoja tu, na ukitaka uwe ule ule niliokukataza. Baba yuko wapi? Mzima?

Sisimizi.


24 Julai 1985

Mwanangu Sisimizi,

Baba yako ni mzima. Nimeandika hilo juu kabisa ili hata ukiruka mistari usilikose. Nami ni mzima, nyumba imesimama, paka na wanawe hawajui hata kama kulitokea jambo. Leo ndiyo mara ya kwanza gari la posta limevuka, nimepokea barua zako mbili kwa mpigo, moja kutoka kwenye gari hilo na nyingine kwa yule mfanyabiashara wa mtumbwi, na hii inarudi na gari jioni. Nisamehe kwa kukuweka roho juu. Nilikuandikia mara mbili na zote nadhani zimelala huko mtoni, na simu ya posta yetu imekatika tangu tarehe 9.

Simu yako ilipofika mimi nilikuwa sokoni. Aliyeipokea ni baba yako. Sikuwepo, kwa hiyo nakuambia nilivyoambiwa, na nimeambiwa kwa maneno machache kwa sababu unamjua. Alisoma. Akasoma tena. Halafu hakuzima. Usishtuke. Wewe ni mtoto wa seremala, na seremala hakati kabla ya kupima. Alikwenda kwenye soketi ya mashine, mashine ikiwaka, akaweka mita: volti 220. Akajikongoja na ule mgongo hadi kwenye swichi kuu: volti 240. Ndipo akazima nyumba nzima.

Nilirudi nikamkuta amesogeza kitanda, ana tindo na nyundo, na ukuta wangu uko sakafuni. Kabla sijafungua kinywa akanionyesha mlango. Alikuwa ameandika juu yake kwa penseli ya useremala: 240 toa 220 ni 20. Ishirini mara tano ni 100. Akaniambia, "Volti ishirini zinabaki ukutani. Wati ni volti mara ampea. Kuna wati mia moja humu ndani."

Nilimuuliza amejifunzia wapi. Akasema, "Si aliandika? Barua ya Mei."

Basi nikuambie nililokatazwa kukuambia. Fundi redio alituazima mita na siku ya koili alikuja kufunga koili, hakuna zaidi. Aliyeshika mita siku zote ni baba yako. Yeye ndiye aliyetaka kupima mara tatu. Barua zako za hesabu nilikuwa namsomea mezani, naruka mistari yake kama wewe unavyoruka, halafu anaomba karatasi aangalie namba mwenyewe. Alinikataza kukuambia. Alisema, "Akijua ni mimi ninayepima, ataacha kuhesabu." Nikamwambia huyo ni mwanao, hawezi kuacha hesabu katikati. Akasema nisimbishie.

Na leo nilipofungua barua yako ya tarehe 8 na kufika kwenye tano mara tano mara nne, nikamwita. Wewe huko kwa njia yako, yeye huku kwa penseli, wote mmekuja kwenye mia moja ile ile. Alisoma mstari ule akiwa amesimama. Halafu akakaa kitini, akavua miwani, na mimi nikaenda kuangalia paka.

Ndani ya ukuta tulikuta waya mbili zimesokotwa kwa mkono na kufungwa kitambaa, kazi ya yule aliyetujengea chumba cha kuongeza. Kitambaa kilikuwa majivu. Nguzo ya mbao pembeni ilikuwa imeungua, ukiikwangua kwa kucha unatoka na mkaa. Baba yako aliipapasa muda mrefu. Anajua mbao kuliko mimi, akasema hii isingefika mwisho wa mwezi bila kuwaka.

Mayai tuliyahamishia jikoni, kwenye majiko ya mkaa na masufuria ya maji ya moto, yamefunikwa blanketi zote tulizonazo pamoja na koti lake. Mama mwenyekiti alipokuja nikadhani atanigombeza. Nikampeleka kwanza akaone ile nguzo. Akaweka kidole, akakitazama kilivyokuwa cheusi, akafunga kitenge kiunoni akakaa kugeuza mayai. Akaita wenzake. Wamekuja kwa zamu wiki nzima, na baba yako kati yao, anashika kipimajoto na kuwaamrisha kama mafundi wake. Wametoka vifaranga mia mbili na ushei. Hawakutosha, lakini hakuna aliyeniambia atakwenda kwingine. Mama mwenyekiti anasema mayai yatatagwa tena.

Nikamuuliza baba yako kuhusu kosa ulilolitaja, la koili na la kupima mashine imezimwa. Nilitaka kujua atasema nini, maana lile neno lake la siku ile mimi pia nililisikia. Alivaa tena miwani. Akasema, "Mimi nimefundisha vijana wengi. Wakikata ubao mfupi wanauficha chini ya vumbi. Huyu ameuweka mezani kabla sijauliza." Baadaye, tunakula, akasema tena bila mtu kumuuliza, "Lile neno nililomwambia lilikuwa baya. Sikuwa na lingine la kumzuia asiondoke."

Tumekaa gizani tangu siku ile, kwa taa ya mafuta, na ukuta uko wazi. Juzi nilimwambia, kaka, nimwite fundi redio aunganishe hizi waya tupate mwanga, majirani wanatucheka. Akasema, "Wa redio ni wa redio. Fundi wa nyumba hii yupo. Mwandikie aje."

Basi nakuandikia.

Shangazi yako.


5 Agosti 1985

Baba, shikamoo.

Natumaini mgongo haukusumbui sana sasa kwa kuwa ukuta umepoa. Mimi ni mzima. Shangazi atakuwa amesimama nyuma yako anasoma begani, naye namsalimu.

Daraja limefunguliwa. Nimeomba ruhusa na Mzee wa karakana amenipa wiki nzima bila kuuliza. Nafika Jumamosi tarehe 10 kwa basi la kwanza. Nakuja na waya mpya mnene wa kutosha kutoka swichi kuu hadi chumba cha nyuma, na viungo vya kufunga kwa skrubu. Ile nguzo usiiondoe hadi niione. Baada ya hapo utaniambia ni mbao gani ya kuweka mahali pake, maana hilo silijui.

Barua yako ya kwanza nimeisoma, ile uliyoandika mlangoni. Hesabu ni sahihi.

Mita msiirudishe kwa mwenyewe. Tukimaliza kuunganisha tutawasha mashine na kuanza upya, kwenye soketi na kwenye swichi kuu, mara tatu kila mahali. Wewe utapima, mimi nitahesabu.

Mwanao.